Doa Chini ya Jicho

Skrini ya zamani ya kompyuta ya Mardochée, mpiga picha, ilikuwa imewatia watu wengi wa Kindu homa ya manjano. Ukikaa mbele yake wima, uso wa bibi harusi ulikuwa wa njano. Ukiinama kidogo, uligeuka kijivu. Ukisimama, nywele na kitambaa cha nyuma viliungana vikawa giza moja. Mardochée alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea goti linalouma. Alipunguza njano kwa kukisia, na kila picha ilipotoka kwenye mashine ya kuchapa alitoka nayo nje akaitazame juani, kisha akarudi kurekebisha, mara mbili, mara tatu. Karatasi nyingi ziliharibika. Lakini wateja waliondoka na sura zao, na studio yake ndogo katika komini ya Mikelenge ilikuwa na jina.

Jina lenyewe alilirithi. Baba yake, mzee Félicien, alikuwa mpiga picha tangu siku za filamu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, asiyependa ujanja. Akina dada walipomwomba awapunguzie weusi wa shingo au awaondolee kovu, aliwajibu, "Mimi ninapiga picha, sipaki poda." Mwaka 2002, mji ulipozingirwa vitani, treni isije tena wala mashua, filamu ziliisha, dawa za kuzisafishia zikaisha, karatasi ikaisha. Watu wenye bunduki waliendelea kuja studio kutaka picha. Mzee Félicien aliweka kamera tupu jichoni, akabofya, akawaambia, "Nitawasafishia vita vikiisha." Mardochée alikuwa na miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya kitambaa na kukishika kisianguke, akijua kwamba kamera ni tupu. Hakuna aliyerudi kudai picha yake. Wengine waliuawa, wengine walihama na vita.

Wazee wa Kindu bado wanasema hivyo: kusafisha picha. Zamani filamu ilikuwa lazima ipite kwenye maji ya dawa ndipo sura itokee, na neno limebaki midomoni mwao hata baada ya maji yenyewe kukauka. Mtu mzima akikwambia umsafishie picha, anataka umtolee picha kwenye karatasi, basi. Kwa Mardochée, aliyejifunza kazi kwenye kompyuta baada ya baba yake kufa, kusafisha kulikuwa na maana nyingine. Kulikuwa kuondoa mikunjo, vumbi, ukungu, chunusi. Maana hizo mbili ziliishi pamoja katika studio ile miaka mingi, na hakuna siku zilipogongana. Au tuseme ziligongana mara moja, na hakuna aliyesikia.

Aliyemshawishi anunue skrini mpya alikuwa Kizito, rafiki yake tangu darasa la kwanza, dereva wa pikipiki. Jua la saa sita lilipokuwa kali na abiria hawapo, Kizito aliegesha pikipiki mlangoni na kuingia kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Mardochée naye aliupenda. Ulikuwa mchezo wake pekee. Hakunywa, hakucheza karata. Lakini kwenye skrini ile mpira ulikimbia ukiacha mkia nyuma yake kama nyota inayoanguka, na Kizito alikuwa na sababu tayari kila alipofungwa.

"Sikuona mupira. Kwenye ekra yako muko mipira tatu, mimi nilikamata ile ya uongo."

"Ulifungwa, bwana. Kubali."

"Nunua ekra, Mardo. Watu wanaolewa wakiwa na afya, wewe unawatoa wagonjwa."

Siku moja skrini ilianza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Hapo Mardochée akakubali. Alisoma kwenye simu kila alichoweza kusoma juu ya skrini. Alijifunza kwamba kuna aina inayoitwa IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki ukiitazama kutoka pembeni. Kwamba kuna nyingine zinazochora picha haraka sana kwa ajili ya wachezaji, lakini zinameza yaliyomo kwenye kivuli. Kwamba uso wa skrini usiong'aa ni mzuri zaidi kwa chumba chenye mlango wazi. Aliandika pia kiasi cha umeme ambacho paneli zake za jua na betri zingeweza kubeba. Na alisoma shauri moja lililomwingia: usiamini picha za dukani, ambazo kazi yake ni kukutongoza. Beba picha zako mwenyewe, zile unazozijua kama unavyoijua nyumba yako, na uzitazame pale pale dukani.

Basi akaweka picha tatu kwenye flashi. Ya kwanza ilikuwa ya bibi harusi mwenye nguo nyeupe. Ya pili ilikuwa ya mto Lualaba asubuhi. Ya tatu alisita, kisha akaiweka kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote alizowahi kutengeneza: picha ya Riziki, jinsi ilivyotoka kwenye skana kabla hajaigusa.

Riziki alikuwa binti wa Mama Halima, ambaye baada ya vita alihamia mitaa miwili kutoka studio. Mwaka ule wa 2002, njaa ilipoingia mjini, alipokuwa na miaka kumi na sita, alitoka asubuhi na wasichana wengine wanne kwenda kutafuta majani ya mihogo kwenye mashamba ya nje ya mji. Wawili walirudi wakikimbia. Riziki hakurudi. Alionekana akipelekwa msituni na watu wenye silaha, na baada ya hapo zilikuja habari za kila namna: amekufa, anapika kambini, ameolewa, yuko upande wa Kampene, yuko Punia kwenye machimbo. Baada ya vita walikuja wasichana wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja akisema ndiye Riziki. Wa kwanza alikaa siku tatu. Wa pili alikula katika nyumba ile wiki mbili, akaita mama, akalia vizuri kabisa, kisha akaondoka na sufuria na nguo. Tangu hapo Mama Halima alikataza jina la mtoto wake lisitajwe kwa watu wa mbali. "Jina kila muntu anaweza kulibeba," alisema. "Mwacheni uso useme."

Na uso ulikuwa mmoja tu, kwenye picha aliyopiga mzee Félicien mwaka 2001, kwenye filamu zake za mwisho. Mama Halima alikimbia nayo, akaifukia ndani ya mkebe, akaifukua, akaifukia tena. Alipoileta studio, miaka mitatu iliyopita, ukungu ulikuwa umeila. Madoa ya kahawia yalitapakaa kuanzia juu ya kitambaa hadi kwenye mabega, na uso wenyewe ulikuwa kama umenyeshewa mvua ya matope. Mama Halima hakuyaona yote hayo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na kilichobaki kwake ni mwanga na giza.

"Unisafishie, baba," alisema akiishika mikono ya Mardochée. "Jinsi iko."

Mardochée aliifanyia kazi siku nne. Doa moja baada ya jingine, akikopa ngozi ya paji la uso kuziba shavu, akikopa shavu kuziba kidevu. Juu ya kitambaa cha nyuma kulikuwa na vidole vinne vidogo vilivyojitokeza. Alivitambua: vilikuwa vidole vyake mwenyewe, siku ile akiwa nyuma, asione kitu cha Riziki isipokuwa visigino. Akavifuta pia. Alipomaliza, msichana alikuwa safi kama aliyetoka kuoga. Watu waliopita studio walimsifu. Picha ilichapwa, ikapewa Jacqueline, mwanamke mfanyabiashara anayepeleka vitenge Punia, kwa sababu Jacqueline alikuwa amesikia huko habari za mama mmoja anayepika kwenye machimbo, mtu wa asili ya Kindu, aliyechukuliwa akiwa msichana. Jacqueline alirudi baada ya mwezi mmoja na nusu. "Si yeye, mama," alisema. "Sura si moja." Mama Halima hakuuliza zaidi. Aliita watu, akasomesha dua, akagawa nguo za Riziki alizokuwa amezitunza miaka ishirini, na mtaa ukahesabu kwamba jambo lile limekwisha.

Duka la Didier la vifaa vya kompyuta na simu liko karibu na soko. Didier ni mtu wa Butembo, mlokole, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapouza waya wa kuchajia simu.

"Karibu, bwana studio! Leo utaondoka na kitu, ao umekuja kuzisalimia tu?"

"Amekuja kuchagua bibi," Kizito akasema. "Muko wawili. Mimi niko upande ya familia."

Skrini zilikuwa mbili kweli. Moja ilikuwa pana, yenye mkunjo kama inataka kukukumbatia. Didier alisema ilitengenezwa kwa wachezaji: inachora picha mara mia moja sitini na tano kwa sekunde moja. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, bapa, isiyong'aa, aina ya IPS, na hiyo ilichora mara sabini na tano tu.

Kizito alikuwa amekwisha kukaa mbele ya ile ya mkunjo. "Mardo, angalia hii. Ukicheza mupira hapa utasikia harufu ya jasho ya goalkipa."

Mardochée akampa Didier flashi. Bibi harusi akatokea kwenye mkunjo, na Kizito akapiga mluzi. Mto ukatokea, na ulikuwa wa buluu kuliko mto wowote duniani. Kisha akatokea Riziki. Wekundu wa kitenge chake ulipiga kelele. Weusi ukawa weusi kweli kweli, na upande wa kushoto wa uso, ule uliokuwa kwenye kivuli, ukazama. Madoa yote yalikuwa ya rangi moja. Hivyo ndivyo Mardochée alivyoyakumbuka.

"Weka kwenye ile ingine," akasema.

Kwenye ile ya pili picha ilitoka kinyonge. "Hii iko na njaa," Kizito akasema. Bibi harusi alikuwa mweupe wa kawaida, mwenye kivuli cha kawaida kwapani. Mto ulikuwa wa udongo, kama ulivyo. Mardochée akainama kushoto, akainama kulia, na rangi hazikubadilika. Akaridhika. Akamfungua Riziki na kumkuza hadi uso ukajaa skrini, ili aone kama kwenye kivuli kuna kitu.

Kulikuwa na kitu.

Madoa ya ukungu yalikuwa na ukijani ndani yake, na yalikaa juu ya karatasi, si juu ya mtu. Moja lilianzia kwenye shavu likaendelea hadi kwenye kitambaa kana kwamba hakuna mpaka. Lakini lile la chini ya jicho la kushoto halikuwa na ukijani wowote. Lilikuwa na rangi ya ngozi, ngozi iliyoiva zaidi, na umbo la punje ya haragwe. Ukingo wake wa juu ulishika mwanga wa dirisha la studio ya mzee Félicien. Chini yake kulikuwa na kivuli chembamba. Mardochée alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Ukungu hauna kivuli.

"Nini?" Kizito akauliza.

"Hii haiko doa."

"Kama haiko doa, njo nini?"

"Njo ngozi, Kizito. Njo ngozi yake."

Didier alianza kueleza tena habari ya ile ya mkunjo, kisha akamtazama Mardochée usoni akaiacha. Skrini ya bapa ikafungwa kwenye boksi lake. Kizito hakubisha. Walipanda pikipiki, Mardochée nyuma akilikumbatia boksi, na walipofika kwenye njia ya kuelekea studio alimgusa Kizito begani.

"Pita kwa Mama Halima kwanza."

Mama Halima alikuwa amekaa barazani akimenya karanga kwa kugusa, maganda upande huu, punje upande huu. Aliwatambua kwa mlio wa pikipiki.

"Huyo njo Kizito, na injini yake ya kukohoa. Na ule mwingine?"

"Ni mimi, mama. Mardochée."

"Mwana ya Félicien! Ikala, baba. Kula karanga."

Mardochée hakukaa. Alikuwa bado ameshika boksi. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, na sasa aliona yote ni ya kujikinga, akayaacha.

"Mama, Riziki alikuwa na alama kwenye uso?"

Mama Halima akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekumbushwa kitu kitamu. "Alama? Mimi njo nilimuwekea ile alama. Nilikuwa ninakaanga ndizi, mafuta ya mawese imeiva, yeye iko na miaka tatu, anakuja kuchungulia. Tone moja, hapa." Akaweka kidole chini ya jicho lake la kushoto. "Alilia, na mimi nililia kumupita yeye. Kisha akikuwa mukubwa, ile alama ikakuwa njo inamuuza. Akisema uongo tu, kidole kinaenda pale. 'Riziki, nani amekula nyama?' 'Si mimi, mama.' Kidole kiko pale!" Akacheka tena. Kisha akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Lakini mbona unauliza? Picha ilikuwa kwako."

"Nilifikiri ni doa, mama. Kama yale mengine." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliiondoa."

Vidole vya Mama Halima vilisimama ndani ya karanga.

"Uliondoa nini?"

"Alama. Ulisema nikusafishie."

"Kusafisha, baba." Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Kusafisha. Kama vile baba yako alikuwa anasafisha."

Kizito, aliyesimama uani, aliangalia chini. Mardochée aliweka boksi sakafuni. Alitaka kusema juu ya skrini, juu ya njano na kivuli, lakini mbele ya macho yale yaliyofunikwa hakuna neno la skrini lililofaa. Mama Halima aligeuka, karanga zikamwagika mapajani. Halafu akainua sauti kuelekea nyumba ya nyuma.

"Jacqueline! Jacqueline, kuja hapa!"

Jacqueline alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, mwanamke mnene, mwenye haraka ya watu wa biashara. Alikuwa mzaliwa wa Kampene. Alihamia Kindu baada ya vita na hakuwahi kumwona Riziki isipokuwa kwenye karatasi ile.

"Ule mwanamuke ya Punia," Mama Halima akasema. "Uliniambia si yeye. Nani alikuambia si yeye?"

"Ai, mama, mambo ya zamani hiyo..."

"Sema."

Jacqueline alimtazama Mardochée, akatazama boksi, asielewe. "Siku nilifika, yeye hakukuwa pale. Nilionyesha picha kwa wamama wanaopika naye. Wakaangalia, wakasema: 'Wetu iko na alama ya moto chini ya jicho. Huyu yenu uso safi.' Basi nikarudi. Nikaona nisikuchokeshe na habari ya alama ya muntu mwingine."

Mama Halima alimwashiria kwa mkono aendelee.

"Kisha safari ya pili," Jacqueline akaendelea, na sasa hata yeye sauti ilikuwa inapungua, "yeye mwenyewe alinifuata. Nilikuwa ninakunja vitenge. Akauliza, 'Wale watu ya Kindu waliokuwa wanatafuta mutoto, walimupata?' Nikasema, bado. Akauliza, 'Huyo mutoto yuko namna gani?' Ulinikataza kutaja jina, mama, mimi sikutaja. Nikasema, ni mutoto ya uso safi, hata doa moja hana. Akaondoka. Nilipopanda pikipiki akakuja tena, akauliza mara ya pili: 'Uso safi kabisa?' Nikasema, safi kabisa. Akasema, 'Basi si mimi.'"

"Na kidole?" Mama Halima akauliza.

"Kidole gani, mama?"

"Kidole chake, wakati alisema si yeye. Kilikuwa wapi?"

Jacqueline alifikiri. Mkono wake ulipanda wenyewe, kidole kikatua chini ya jicho la kushoto. Mama Halima hakuweza kuona, lakini Mardochée aliona, na Kizito aliona, na ukimya wao ulimtosha mama kujua.

"Alijua," akasema. "Alijua njo yeye." Alianza kukusanya karanga zilizomwagika mapajani, moja moja, na hakuzipata. "Amefikiri ninatafuta mutoto safi. Kule alikotoka, mambo waliyomufanyia, akasikia mama yake anatafuta mutoto safi."

Jioni ile ile skrini mpya ilikaa mezani. Mardochée alifanya kazi siku mbili. Aliondoa ukungu wote wa kijani, ule uliopita kwenye shavu na ule wa kitambaa. Alipofika chini ya jicho la kushoto alitoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani. Aliiacha alama kama ilivyotoka katika kamera ya baba yake, na mwanga wake, na kivuli chake. Vile vidole vinne juu ya kitambaa aliviacha pia.

Alipompelekea Mama Halima karatasi, mama alipitisha mkono juu yake. Ilikuwa laini kila mahali.

"Iko wapi?"

Mardochée alichukua kidole cha shahada cha mama akakiweka mahali penyewe. Kilikaa pale.

"Andika nyuma," mama akasema. "Andika jina lake. Sasa andika. Halafu andika: Kuja jinsi uko."

Jacqueline aliondoka nayo mvua zilipopungua. Mara hii alikuwa amepewa ruhusa ya kutaja jina, na alilitaja kila mahali aliposimama, kwenye vivuko, kwa wabeba mizigo, kwa wauza chakula. Alipofika kwenye yale machimbo alikuta nyasi. Mashimo yalikuwa yamejaa maji na watu walikuwa wametawanyika. Mama mmoja aliyebaki kulima pale alimkumbuka yule mpishi mwenye alama. Alisema mpishi aliondoka na wachimbaji kwenda kutafuta mahali pengine, na hakuaga mtu, kwa sababu alikuwa akisema hana wa kumuaga. Jacqueline alimwachia nakala moja. Nyingine alizibandika Punia, na akatuma za simu hadi Kampene. Hadi leo hakuna jibu.

Skrini ni nzuri. Mpira hauachi mkia tena, na Kizito sasa akifungwa hana la kusema, ingawa mara nyingi wanaacha mchezo kabla haujaisha. Wateja wanatoka na rangi zao. Mtu akileta picha ya zamani, Mardochée hamwambii tena kwamba ataisafisha. Anamkalisha mbele ya skrini, anaikuza, na kila anapofika kwenye baka anauliza, "Hii iko ya karatasi, ao iko ya muntu?" Wengine hucheka. Wengine huinama karibu na skrini kabla ya kujibu. Kama mtu hana hakika, baka linabaki.

Ijumaa, baada ya sala, Mama Halima huja studio akiongozwa na fimbo yake. Kizito akimwona anaweka chini kidude cha kuchezea, anatoka nje kupangusa pikipiki ambayo haina vumbi. Mardochée anafunga mchezo, anamfungua Riziki.

"Iko?" mama anauliza.

"Iko, mama."

"Na alama?"

"Na alama iko."

Basi Mama Halima anakaa kwenye kiti cha wateja, ameelekeza uso kwenye mwanga wa skrini, ambao anasema anauona kidogo, kama mlango ulioachwa wazi. Anakaa hivyo hadi anaposikia watu wa foleni wakikohoa nje. Kisha anaamka, anatafuta fimbo yake, anaenda zake.